Dresa na Miguu ya Baba

Mtu akiniuliza ni nani aliyemlemaza baba yangu, nitamjibu ni Dresa. Akiniuliza ni nani aliyemwosha baba yangu vidonda kila siku ya Mungu kwa miaka mitatu, nitamjibu ni huyo huyo Dresa. Nimeishi na majibu hayo mawili muda mrefu na sijaona namna ya kuyapatanisha. Basi nitamweleza mtu huyu kama nilivyomjua, bila kuanza na wapi alizaliwa wala nani alimzaa. Hayo mwenyewe hakupenda kuyasema, nasi hatukumuuliza.

Zahanati yake ilikuwa Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, zamani za Mwingereza. Dresa siku zile alikuwa mtu aliyefundishwa kufunga vidonda, kugawa kwinini na kuchoma sindano, kisha akaachiwa zahanati nzima peke yake. Daktari Mzungu alipita siku ya Alhamisi, akakaa saa moja, akaenda zake. Siku sita zilizobaki daktari wetu alikuwa Dresa. Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe alimwita Dresa, na wanawe wakigombana na wenzao walitishia, "Nitakusemea kwa Dresa!"

Alikuwa nadhifu wa kukera. Kaptula yake nyeupe ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe, na soksi zake ndefu sikuziona hata siku moja zimeteremka. Mikono ilinuka aidini, ile dawa ya vidonda. Ukikaa naye kwenye sinia moja la wali, huo wali nao ulinuka aidini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ugomvi wake mkubwa na watu ulikuwa chupa. Dawa ya maji serikali ilitoa, chupa haikutoa. Kila mgonjwa alikuja na yake. Dresa aliipokea pale dirishani, akaiinua kwenye jua, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani. Ikiwa na ukungu alikurudishia. "Nikutilie dawa humu, kesho waseme Dresa kaua?" Siku moja alikuja mama mmoja wa Chamazi, ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, na chupa yake ilikuwa ya mafuta ya taa. Dresa alimfokea mpaka yule mama akaanza kulia. Kisha akamnyang'anya ile chupa, akaenda nayo uani, akachuchumaa na soksi zake zile, akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikatoka. Aliporudi alikuwa bado anafoka.

Hayo niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazazi, nikawa nakaanga vitumbua na kuviuza chini ya ukuta wa zahanati. Kila asubuhi Dresa alikula viwili, amesimama, amegeukia ukuta ili wagonjwa wasimwone anatafuna. Aliniita "binti wa mtani", na hapo inabidi nieleze habari ya utani, maana mabaya yote yalipitia mlango huo.

Sie ni Wazaramo. Dresa alikuwa Mnyamwezi, Mkristo wa bara, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu. Atakutukana mbele ya mkweo, ataingia jikoni kwako aondoke na kuku, na wewe ukinuna ndiye uliyekosa adabu. Baba alikuwa mpasua mbao, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akipita zahanati alisimama katikati ya foleni na kupaza sauti: "Enyi watu, mnampa huyu mpagazi matako yenu achome sindano? Babu yake alibeba mizigo ya babu yangu kutoka Tabora mpaka hapa!" Na Dresa humo ndani alijibu bila kuinua kichwa, "Mwambieni huyo Mzaramo akaoge kwanza, ndipo aongee na watu." Foleni nzima ilicheka. Nadhani walikuwapo waliopona kwa kicheko kile peke yake.

Mama mkwe wa Dresa alipofariki, baba alikwenda mazikoni, akateremka kaburini, akalala chali na kukunja mikono. Akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Padri alikasirika hadi masikio yakawa mekundu. Dresa, macho yamevimba kwa kulia, alicheka mpaka akashika mti asianguke, akaagiza jogoo aletwe. Baadaye aliniambia kwamba asingeweza kumzika yule mama bila kicheko kile. Ndivyo walivyopendana.

Siku nyingine baba alijitupa chini kwenye kizingiti cha zahanati, akageuza macho, akatoa ulimi. Wanawake wakapiga mayowe, mie mwenyewe nikaangusha sinia la vitumbua. Dresa akatoka na ndoo ya maji, akammwagia yote kichwani. Baba akainuka anachuruzika, akisema kwamba hospitali za Wanyamwezi zinaua hata maiti. Tulilisimulia jambo hilo miezi mingi.

Sasa nieleze jambo la pili, ambalo halikuwa la kuchekesha. Dresa alikuwa na uwezo wa kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa ya mjini. Bila barua hiyo hukupokelewa. Mwanzoni aliandika kwa ukarimu. Kisha akampeleka kuli mmoja wa bandarini aliyelalamika mgongo, na Alhamisi iliyofuata daktari Mzungu akaja naye yule kuli, amekasirika. Akamwamuru ainue meza ya zahanati mbele yetu sote. Yule kuli, kwa woga, akainua. Mzungu akamgeukia Dresa na kumwambia kwa Kiswahili chake kibovu kwamba kazi yake ni kuwa chujio, na chujio linalopitisha kila kitu hutupwa. Dresa alisimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyekosea hesabu. Nilimwonea huruma, na leo najilaumu kwa huruma ile, maana tangu siku hiyo barua zikawa adimu. Mgonjwa wa mgongo ndiye aliyepata tabu kuliko wote. "Mgongo?" angesema. "Nani hana mgongo?" Akampa dawa ya kuchua na aspirini nne.

Baba alianza kuumwa mgongo msimu wa mvua. Kupasua mbao ni kazi ya watu wawili: mmoja shimoni, mmoja juu ya gogo, na yule wa juu huinama na kuinuka na msumeno kutwa nzima. Baba alikuwa wa juu. Gogo liliteleza kidogo, akajizuia asianguke, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Alikwenda zahanati na chupa safi, akapewa dawa ya kuchua. Sikumlaumu Dresa kwa siku hiyo na simlaumu hata leo. Maumivu ya mgongo yalikuwa mengi kama nzi.

Baada ya siku tano mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Alisema nyayo zake zote mbili zimejaa sufi, anakanyaga asijue kama ni mchanga au saruji. Mama akamwambia, "Nenda ukamwambie Dresa hivyo hivyo, usifanye mizaha yenu." Akaenda. Nilikuwa ukutani na vitumbua vyangu. Alivyofika dirishani, mbele ya foleni, akavimbisha kifua na kusema, "Mtani! Miguu yangu imefariki. Nyie ndio wa kuzika, njoo na jembe." Watu wakacheka. Nilitaka kusimama niseme, jamani, huyu leo anaumwa kweli. Sikusimama. Ningemwaibisha baba mbele ya watu, nami nilikuwa mwanamke aliyeachika, sina usemi. Dresa akamwita ndani, wakakaa kitambo kidogo, baba akatoka na chupa ya pili ya dawa ya kuchua.

Siku nne baadaye hakuweza kusimama. Mkojo nao ulikuwa umegoma tangu jana yake, akamficha mama kwa haya, mpaka tumbo likamvimba akalia kwa sauti. Tulimbeba kwa kitanda. Dresa alipoliona tumbo lile na ile miguu iliyolala, uso wake ukageuka rangi ya majivu. Aliandika barua pale pale, akatoka barabarani mwenyewe na kaptula yake nyeupe, akasimama mbele ya lori la mchanga na kumlazimisha dereva achukue mgonjwa. Yote hayo aliyafanya upesi na kwa ustadi, na yote yalikuwa bure.

Hospitali kulikuwa na daktari Mhindi, mpole, aliyetueleza kwa subira. Alibana utepe wa bandeji kati ya vidole vyake viwili. Akasema pingili za mgongo zina kitu laini katikati. Kile cha baba kimepasuka, kikatoka, kikabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Angeweza kumpasua na kuuondoa ule mbano, lakini mshipa ukibanwa siku nyingi hufa, na uliokufa haufufuki. "Siku aliyoanza kupoteza hisia za nyayo, siku ile angeletwa, labda angetembea," alisema. "Nani alimwona siku ile?" Mama alitazama chini. Mie nikajibu, "Dresa."

Yule daktari hakunyamaza. Aliandika barua, na baada ya wiki kadhaa akaja kwetu karani wa idara pamoja na bwana mwingine aliyevaa tai, wakakaa barazani na karatasi. Baba alikuwa kitandani, amerudishwa nyumbani na mpira wa mkojo. Wakamuuliza kama Dresa alimpima siku ile ya pili au alimpa dawa tu. Nilisimama mlangoni nikisubiri. Nilitaka aseme, nilitaka liandikwe mahali fulani na serikali yenyewe kwamba mtu huyu aliletewa miguu iliyokufa akaipa dawa ya kuchua.

Baba akasema, "Alinipima vizuri. Mie ndiye sikumweleza. Nilificha."

"Una hakika, mzee?"

"Nina hakika. Andika hivyo."

Wakaandika, akatia dole gumba. Walipoondoka nikamwuliza kwa hasira ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo kwa baba yake, "Kwa nini umesema uongo?" Akavuta shuka kifuani. "Amechuma nini yule," akasema, "zaidi ya hiyo kaptula?" Kisha akataka maji ya kunywa. Sikulielewa jibu hilo, na nilimkasirikia yeye karibu sawa na nilivyomkasirikia Dresa.

Mtu mlemavu wa miguu, asiyehisi chochote toka kiunoni, huota vidonda vya kulalia. Dresa alianza kuja kila jioni akifunga zahanati. Hakuna aliyemwita. Alivua soksi mlangoni, akazikunja akazitia mfukoni, akapiga magoti kwenye mkeka. Alimgeuza baba polepole, akakata nyama iliyooza, akaosha, akafunga. Alitufundisha kumgeuza kila baada ya muda, na akitukuta tumelegea alifoka kama alivyofokea chupa. Jumapili alikuja kutoka kanisani, Idi alikuja, mvua ikinyesha alikuja na gunia kichwani. Alimtoa mkojo, alimkata kucha. Sijaona mtoto wa kiume aliyemtunza baba yake namna ile, nami nilimchukia kila alipoingia. Nilimchukia kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri sana. Nilikuwa nikiitazama na kusema moyoni, mikono hii ilijua, basi siku ile ilikuwa wapi?

Hilo ndilo jambo moja nililotaka kulijua. Sikutaka afungwe, wala sikutaka fidia. Nilitaka kujua kama siku ile, mle chumbani, alijua au hakujua. Kama hakujua, ni mjinga tu, na mjinga husamehewa. Kama alijua, hilo ni jambo lingine.

Utani wao ulikufa. Baba alijaribu kuufufua. "We mpagazi, leo umebeba nini?" angesema. Dresa aliendelea kuosha kidonda, na baba akabaki na maneno yake mdomoni. Sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya mto ikawa ya kuombea maji. Mwaka wa tatu vidonda viliingia mfupani, homa ikampanda, akafa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Watu wa mtaa mzima walikuja, na wote walikuwa wakimsubiri mtani. Ilikuwa haki yake na wajibu wake kuzuia jeneza njiani, kumtukana marehemu, kudai jogoo. Tulifika makaburini, wanawake tukabaki pembeni, mwili ukateremshwa, na Dresa alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kimya. Mzee mmoja akamwambia, "Mtani, vipi? Mwenzio anangoja." Akatikisa kichwa. Tukamzika baba yangu bila hata mtu mmoja kucheka, na kwetu hayo ni mazishi pungufu.

Haukupita mwaka akaacha kazi. Tulisikia amehamia Boko, upande wa pili kabisa wa mji, kwa binti yake aliyeolewa na mwalimu. Sikumtafuta. Mama alikufa, nami nikaolewa tena. Miaka ikapita, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea lakini watu wamekwisha kuanza kuitazama kwa jicho jingine. Ndipo nikaenda Boko kwenye arusi ya ndugu wa mume wangu, na mwanamke aliyekuwa akipakua pilau karibu yangu akaniambia kwamba baba yake alikuwa dresa huko Mtoni.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anachambua mchele. Alikuwa amekonda, na miguuni hana soksi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Dresa."

"Marahaba. Nani?" Akakinga macho kwa mkono. Aliponitambua akauweka ungo chini. "Binti wa mtani."

Tuliulizana hali. Nikampa habari ya kifo cha mama. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama yako alikuwa mtu," akasema. "Mie kila nikikumbuka ile nyumba, namkumbuka yeye. Siku ya kwanza nilipokuja kumwosha mzee, nilichelewa mlangoni na soksi zangu. Nikajua leo natukanwa, leo nafukuzwa. Mama yako akaniletea chai. Nikasema, Mungu wangu, mzee kawaambia, na bado wananipa chai."

Sikujua anazungumza juu ya nini. Nikakaa vizuri kwenye mkeka. "Ndiyo," nikasema.

"Ile sindano," akasema. "Mie sijaisahau hata siku moja. Alipoingia ndani siku ile na mizaha yake ya jembe na kuzika, nikamwambia lala tuone hiyo maiti. Nikachukua sindano, nikamchoma wayo. Nikaisukuma mpaka ikasimama. Hakushtuka. Unajua mie nilifanya nini?"

Nilitazama mikono yake.

"Nilicheka. Nikamwambia, mtani, leo umejikaza kweli, leo umenishinda. Na yeye akainua kichwa, akaiona ile sindano imesimama kwenye mguu wake. Aliitazama, binti. Ndipo akanitazama mie, nacheka. Akacheka na yeye."

Kuku alipita akadonoa punje za mchele kwenye ungo, Dresa hakumfukuza.

"Alipotoka tu nikaacha kucheka," akasema. "Hakuna mtu anayejikaza vile. Nilikwisha kujua. Nikachukua karatasi niandike barua, nikamkumbuka Mzungu na meza yake. Nikasema, na kama ni utani? Nitaonekana nini? Ngoja Alhamisi aje amwone mwenyewe. Mlimleta Jumatano."

Basi nilikuwa nimelipata jibu langu. Alijua. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa siku hiyo miaka mingi, makali, nimeyapanga jikoni, nimeyarudia njiani, na sasa yalikuwa yote mdomoni. Nilimwona baba yangu amelala kwenye kile kitanda cha zahanati, akiitazama sindano asiyoisikia, peke yake na hofu yake, akacheka na mwenzake asimwaibishe. Miaka mitatu akaoza ubavuni mwetu na hakutuambia, wala mkewe, wala mie, wala wale wa karatasi. Nilitamani kupiga ukelele. Nilitamani kumwuliza huyu mzee mbele yangu, kwa hiyo miaka yote ulikunywa chai yetu ukidhani tumekusamehe?

Aliinama mbele, macho yake mekundu yakanishika.

"Aliwaambia," akasema. "Siyo? Aliwaambia mapema, kabla sijaanza kuja?"

"Alituambia, Dresa."

Akashusha pumzi ndefu. Mabega yakamshuka. "Na mama yako, alipolisikia? Alisemaje?"

Nilimchukia bado, na nilikuwa nalia.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Aliinuka, akabandika chai."